Ada ya Wakili na Bei ya Kesi Goma

Mwenye mgogoro wa kiwanja huko Ndosho au Mugunga, mitaa ya Goma, akikaa kuhesabu kesi itamla kiasi gani, wakili si wa kwanza kwenye hesabu yake. Kuna konvokasio, yaani wito wa polisi, na OPJ, ofisa mpelelezi, atakayemsikiliza. Kuna karani wa grefe, masjala ya mahakama, wa kufungua faili, fundi wa kadastri wa kushuka kupima mipaka, huisie wa kumpelekea mpinzani hati, na pikipiki za kuwabeba wote hao, maana Goma ofisa hatembei kwa miguu kwa ajili ya kesi ya mtu. Ndipo swali linafika: na avoka, atataka ngapi? Jibu huja kwa dola na kwa mdomo, na linaweza kubadilika kabla kesi haijatajwa mara ya pili.

Lawama zote humwangukia huyo wa mwisho. Mawakili ni ghali, watu husema, wana baraza lao, wana jedwali lao la viwango, hawaharibiani soko. Lawama hiyo ina ukweli, na sheria ya ushindani imeshughulika nayo kwa nusu karne sehemu nyingi za dunia. Lakini ukiipeleka Goma bila kuigeuza hata kidogo, inakosa shabaha. Hoja yangu ni kwamba ushindani wa bei kati ya mawakili, ukiletwa peke yake, huenda usimrudishie mwenye kiwanja hata dola moja.

Tuanze na kesi iliyofungua mlango. Mwaka 1971 Lewis Goldfarb na mkewe walikuwa wananunua nyumba kaunti ya Fairfax, jimbo la Virginia, Marekani. Bima ya hati ya nyumba ilihitaji wakili wa Virginia achunguze historia ya umiliki. Wakili wa kwanza aliwatajia ada iliyoandikwa kwenye jedwali la chama cha mawakili wa kaunti, yaani asilimia 1 ya thamani ya mali. Goldfarb akaandika barua kwa mawakili wengine 36. Walijibu 19, na hakuna hata mmoja aliyekubali kushuka chini ya jedwali. Kushuka kungeweza kumfikisha mtu mbele ya kamati ya nidhamu. Mwezi Juni 1975 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji 8 kwa 0, ilisema kwamba uwakili nao ni biashara, na kwamba jedwali la namna hiyo ni upangaji wa bei unaokatazwa na sheria ya Sherman ya 1890. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya mawakili Bates na O'Steen wa Phoenix, mahakama hiyohiyo ikawaruhusu mawakili kutangaza bei zao gazetini.

Ulaya ilikwenda polepole zaidi. Mwaka 2002, katika kesi ya Arduino kutoka Italia, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliona kwamba viwango vilivyopendekezwa na mawakili vinaweza kusimama endapo serikali ndiyo inayovipitisha na kubaki na neno la mwisho. Italia yenyewe iliondoa ulazima wa viwango vya chini mwaka 2006. Kisha tarehe 25 Januari 2024 mahakama hiyo ikawa kali zaidi: kanuni ya Baraza Kuu la Mawakili la Bulgaria, chombo cha mawakili wenyewe, iliyoweka ada ya chini, ilitajwa kuwa ni mapatano ya kuzuia ushindani kwa asili yake, na jaji wa nchi akatakiwa asiitumie. Kwetu Wakongo, ambao sheria zetu nyingi zimepita Brussels kabla ya kufika Kinshasa, kuna kisa cha karibu zaidi. Mwaka 2004 Kamisheni ya Ulaya iliwatoza wasanifu majengo wa Ubelgiji faini ya euro 100,000 kwa sababu ya jedwali la ada ambalo chama chao kilisema ni ushauri tu. Ushauri unaotoka kwa chombo chenye uwezo wa kukufuta kwenye orodha ya taaluma una uzito wake.

Wanaotetea kiwango cha chini wana hoja moja nzito, nayo haitaki kudharauliwa. Mteja hajui kazi nzuri ya wakili inafananaje. Anaona kesi imeshindwa, hajui kama imeshindwa kwa sababu ya sheria, ya jaji, au ya wakili aliyelala. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alionyesha, kwa mfano wa magari yaliyotumika, kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha kizuri na kibovu, bei hushuka hadi ile ya kibovu, na mwenye kizuri huondoka sokoni. Kwa hiyo, wanasema mawakili, tuwekeeni sakafu, la sivyo soko litajaa wababaishaji. Kasoro ya hoja hiyo ni kwamba sakafu inampa wakili nafasi ya kufanya kazi nzuri bila kumlazimisha. Mvivu na mwenye bidii wanachukua kiasi kilekile, na mteja bado hajui nani ni nani. Tafiti za Marekani baada ya kesi ya Bates hazikumsaidia sana mtetezi wa sakafu. Muris na McChesney, mwaka 1979, walichunguza ofisi za mawakili zilizotangaza bei nafuu Los Angeles na hawakukuta kwamba ubora umeshuka. Na ripoti ya tume ya biashara ya nchi hiyo ya mwaka 1984 ilikuta bei ndogo zaidi pale ambapo matangazo yalibanwa kidogo.

Jirani zetu wameacha mambo yakiwa na sura mbili. Kenya ina amri ya ada za mawakili, iliyopandishwa na Jaji Mkuu Willy Mutunga mwaka 2014, na sheria ya mawakili inamhesabia kosa wakili anayefanya kazi chini ya kiwango hicho. Wakati huohuo sheria ya ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 inavitaka vyama vya kitaaluma vyenye kanuni zinazobana ushindani viombe msamaha. Tanzania ina sheria ya ushindani ya mwaka 2003 na amri yake ya ada za mawakili ya mwaka 2015. Sheria mbili za nchi moja zinatazamana, na inayoshinda ni ile ambayo jaji anaitumia kila wiki.

Kongo je? Uwakili unaendeshwa na sheria-amri ya tarehe 28 Septemba 1979, iliyopanga mabaraza, wakuu wake waitwao mabatonie, na kundi la watetezi wa mahakamani ambao si mawakili kamili. Ushindani una sheria yake mpya, ile ya tarehe 9 Julai 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani, iliyochukua nafasi ya mpango wa bei uliotoka mwaka 1961. Juu yake kuna kamisheni ya ushindani ya COMESA, inayofanya kazi Lilongwe tangu mwaka 2013, na sheria ya ushindani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006, ambayo imetuhusu tangu tulipojiunga mwaka 2022. Karatasi zipo, tena zimepandana. Lakini vyombo vya kanda hushughulikia mambo yanayogusa biashara kati ya nchi na nchi, na kesi ya uzio wa Mugunga haivuki mpaka wa Gisenyi. Na Kinshasa ni mbali.

Kabla ya kuita mtu mwenye karteli, uliza swali alilouliza mwanauchumi George Stigler mwaka 1964: waliopatana wanawezaje kumwona anayevunja mapatano? Fairfax walimwona, kwa sababu ada ilikuwa asilimia moja inayojulikana, kwa kazi moja inayofanana, kwa karatasi. Goma hakuna anayeona. Ada inazungumzwa faraghani na inalipwa kwa awamu, taslimu, na risiti ni nadra. Kila mwaka vyuo vyetu, UNIGOM na ULPGL vikiwamo, vinatoa vijana wa sheria. Baada ya miaka miwili ya staji, yaani uanagenzi, wanahitaji wateja, na mwenye njaa hapitii jedwali kabla ya kukubali kazi. Baremu, kama tunavyoliita jedwali hilo, kwa mteja mdogo si sakafu ya kweli. Ni namba ya kuanzia mazungumzo, na ni kipimo cha batonie pale mteja na wakili wanapogombana.

Hivyo ushindani Goma upo, tena mkali, ila si wa aina inayomsaidia mteja. Sheria ya taaluma inamkataza wakili kutafuta wateja kwa matangazo, kwa hiyo bei haiandikwi popote. Mteja hawezi kulinganisha mawakili watatu bila kwenda ofisi tatu na kusimulia aibu zake mara tatu. Anaishia kwa mjomba wa rafiki, au kwa yule anayesemwa kwamba anajua watu. Mawakili wanashindana kwa kujulikana na kwa mahusiano. Kama ningekuwa na nafasi ya kufuta kanuni moja tu, nisingegusa baremu. Ningefuta marufuku ya kutangaza bei.

Soko lenyewe pia si moja. Tangu wakimbizi wa mwaka 1994 Goma imekuwa mji wa mashirika. Shirika la kimataifa, kampuni ya simu, au taasisi ya mikopo midogo humlipa wakili kwa mwezi, kwa mkataba, kupitia benki. Kuna pia fedha za msaada wa kisheria: chama cha mawakili wa Marekani kilifungua mradi wake mjini mwaka 2008, na mashirika ya hapa kama Dynamique des Femmes Juristes yamesindikiza wahanga kwa miaka mingi. Kesi ya Minova ndiyo inayokumbukwa zaidi. Askari 39 walishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi Goma kwa uhalifu wa Novemba 2012 huko Minova, wahanga zaidi ya elfu moja wakiwa upande wa madai, na tarehe 5 Mei 2014 ni wawili tu waliokutwa na hatia ya ubakaji. Ni nani kati ya wahanga wale angemlipa wakili mwenyewe? Msaada ulikuwa wa lazima. Lakini una athari ambayo wafadhili hawaizungumzii: unapanga upya thamani ya saa ya wakili kijana. Anayelipwa posho ya safari na ya siku kwa kesi za aina moja hatakuwa na haraka ya kuchukua kesi ya deni la muuza samaki wa soko la Kituku. Bei ya kesi hiyo ndogo inapanda bila jedwali lolote kubadilishwa.

Ndipo watu wanauliza: kwa nini wakili asilipwe akishinda tu? Mila ya kisheria tuliyoirithi inakataza mapatano ya kugawana mali inayogombewa, kwota litis kama mawakili wanavyosema. Ufaransa nayo inakataza ada inayotegemea ushindi pekee, ila inaruhusu nyongeza ya ushindi juu ya ada ya msingi. Kiuchumi ada ya ushindi inafanya kazi mbili pamoja: inamkopesha maskini, na inamfanya wakili aumie pamoja naye. Ninaipenda. Lakini hesabu yake inahitaji mshtakiwa anayeweza kulipa na hukumu inayotekelezwa. Hukumu nyingi za fidia dhidi ya serikali yetu zimebaki makaratasi. Asilimia 20 ya karatasi haimlishi wakili. Ingefaa zaidi kwenye kesi za mfanyakazi aliyefukuzwa na kampuni, au za aliyegongwa barabarani, hasa kwa kuwa sheria ya bima ya mwaka 2015 iliondoa ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, na mtoa bima anayetaka jina zuri ana sababu ya kulipa. Kwa kiwanja cha Ndosho haisaidii sana. Huwezi kukata robo ya chumba.

Sasa turudi kwenye ile hesabu ya mwanzo. Mwaka 1838 Antoine Augustin Cournot, Mfaransa aliyependa hesabu kuliko wachumi wa wakati wake, aliwaza kuhusu shaba na zinki, metali mbili zinazoyeyushwa pamoja kupata shaba ya njano. Tuseme shaba yote ina mwenyewe mmoja na zinki yote ina mwenyewe mwingine. Kila mmoja akipandisha bei, anapata faida yake yote, lakini hasara ya wanunuzi waliokimbia anaigawana na mwenzake. Kwa hiyo wote wawili wanapandisha kupita kiasi, na jumla ya bei inakuwa kubwa kuliko ambayo angeitoza mtu mmoja aliyemiliki vyote viwili. Wakiritimba wawili waliopangana kwenye mnyororo mmoja wanamuumiza mnunuzi kuliko mkiritimba mmoja. Watano je?

Kesi ya Goma imepangwa hivyohivyo. Wakili unaweza kumbadilisha, wapo wengi. Lakini faili yako iko kwenye grefe moja. Mahakama ya rufani ni moja. Hati ya kiwanja iko kwa mhifadhi mmoja wa hati za ardhi. Ukifika Mahakama ya Kasasheni, unalazimika kumlipa wakili wa baraza maalumu la huko, orodha iliyofungwa, Kinshasa, pamoja na yule wa Goma. Kila mmoja wa hao ana muhuri ambao bila huo kesi haisogei, na kila mmoja anapanga matabishi yake bila kujali kwamba mwenzake amekwisha kumkamua mtu huyohuyo. Shusha ada ya wakili dola 50, na wenye mihuri, ambao ni mahodari wa kusoma mfuko wa mtu, watagundua haraka kwamba kuna dola 50 zimebaki. Akiba ya ushindani inahamia kwa asiyeshindana na mtu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoona suala zima kuwa ni la mawakili. Kiungo chenye ushindani kuliko vyote ndicho kinachobeba lawama zote, kwa sababu ndicho pekee ambacho mteja anakilipa kwa jina la ada.

Tena wakili anaweza kuwa dawa, kulingana na anavyolipwa. Goma mara nyingi analipwa kwa vipande viwili: ada yake, na gharama anazodai kadiri zinavyotokea. Gharama hizo zinapita mkononi mwake kwenda kwa wengine, na yeye hana sababu ya kuzipigania. Wakili asiye mwaminifu ana hata sababu ya kuziongeza. Akilipwa kwa forfe, yaani kiasi kimoja kinachofunika kila kitu hadi hukumu, kila dola anayoitoa kwenye dirisha la grefe inatoka mfukoni mwake. Ghafla anajua tozo halali ni ipi, anadai noti ya malipo, anakataa pikipiki ya tatu. Naye anarudi pale kila wiki, wakati mwenye kiwanja anakwenda mara moja maishani, hivyo sauti yake ina uzito. Ni kweli pia kwamba wakili wa forfe anaweza kuwa mfereji nadhifu wa rushwa, akinunua kwa jumla kile ambacho mteja alikuwa akinunua kwa rejareja. Hatari hiyo siifichi. Bado naona bora mteja ajue jumla siku ya kwanza kuliko kuigundua mwaka wa tatu.

Mawakili wana pia washindani ambao hakuna baremu inayowataja. OPJ anayegeuza deni kuwa jinai, akimweka mdaiwa kashoni, mahabusu ya polisi, hadi ndugu zake wachange, anauza huduma ya haraka. Mkuu wa kartie, mkuu wa nyumba kumi, wazee wa barza na kamati za kanisa wanapatanisha kwa bei ya soda au bure. Watetezi wa mahakamani wa sheria ya 1979 wangeweza kuchukua kesi nyingi ndogo kwa bei ndogo. Uingereza ilipovunja ukiritimba wa mawakili juu ya uhamishaji wa nyumba, kwa sheria ya mwaka 1985, ilitengeneza taaluma mpya ya kazi hiyo moja, na bei za mawakili zikatikisika hata kabla wageni hao hawajawa wengi. Kazi ya kuthibitisha hati na kuandika mkataba wa kuuza kiwanja haihitaji mtu wa kutoa hotuba mbele ya majaji.

Hadi hapa nimeeleza Goma yenye mahakama na benki zilizo wazi. Tangu waasi wa M23 walipouchukua mji mwishoni mwa Januari 2025, mambo haya yameonekana kwa ukatili zaidi. Mahakama za serikali zilifunga, benki zilifunga. Ukiritimba wa wakili ni wa kusimama mbele ya jaji. Jaji akiondoka, sheria ya 1979 haina cha kulinda, na ushauri wa wakili unabaki kushindana na wa yeyote mwenye ulimi. Mwaka 1979 wasomi Mnookin na Kornhauser waliandika kuhusu talaka kwamba watu hupatana kivulini mwa sheria: hata wasiofika mahakamani wanapimiana nguvu kwa kukisia jaji angesema nini. Kivuli hicho kikitoweka, barua ya wakili inapoteza meno, na mpatanishi anayesikilizwa ni yule ambaye nyuma yake kuna bunduki. Na mapatano yaliyofikiwa leo yana swali linaloshusha thamani yake: kesho ni mamlaka gani itayatambua? Wakili bora wa Goma kwa sasa huenda ni yule anayeandika mkataba ulio wazi kiasi kwamba hautahitaji jaji, na kazi hiyo haimo kwenye mila ya taaluma inayojipima kwa kupiga pledwari, yaani hotuba mbele ya jaji.

Kwa hiyo Kamisheni ya Ushindani ya Kongo ikiamka siku moja na kuutazama uwakili, ina mambo ya kudai: baremu iwe na kiwango cha juu kwa kazi ndogo badala ya cha chini, bei ziruhusiwe kutangazwa, forfe iandikwe kwenye karatasi yenye sahihi mbili. Bei halisi zinazolipwa zikusanywe na chuo au chama cha walaji, si na baraza, kwa sababu wenye biashara wakikusanya bei zao wenyewe hupata kisingizio cha kuzilinganisha. Ukiacha hayo matangazo, mengine yote yanawezekana kwa sheria zilizopo. Lakini grefe si kampuni, na sheria ya 2018 iliandikwa kwa ajili ya masoko. Tozo za mahakama zinapangwa kwa arete, yaani amri, ya pamoja ya wizara za sheria na fedha na kukusanywa kupitia DGRAD, ofisi ya mapato ya serikali, kwa noti inayolipwa benki. Siku mahakama za serikali zitakapofungua tena Goma, arete hiyo ibandikwe ukutani kando ya dirisha la grefe, kwa Kiswahili na kwa franka, ikiwa na namba ya simu ya mtu asiyefanya kazi katika jengo hilo.